Somo yangu, kanda ya mjomba inanuka siki

Lindi, 11 Agosti 2025

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Rambirambi yako ilifika, na ya shemeji pia; mama alitaka asomewe mara mbili. Arobaini ya mjomba tumeimaliza salama, watu walikuja wengi kuliko tulivyopikia. Mama Somoe kajifungua, wa kiume. Huku ni salfa tu, kila mwenye mikorosho yuko shamba anapuliza, na mji mzima unakohoa. Najua tangu barabara ilipokatika Somanga kwa kile kimbunga cha Hidaya nakuahidi nakuja, na siji. Nisamehe, hayo tutayasema tukionana.

Kilichoniketisha kuandika leo ni kimoja: kanda ya muziki ya mjomba inanuka siki.

Unaijua kanda ninayoisema. Ile ya kwenye bati la biskuti juu ya kabati, ambayo tulipokuwa wadogo hata bati lake tulikatazwa kuligusa. Wazee walipokaa kugawa, nyumba na mikorosho vilikwenda kwa wenyewe, lakini kinanda na santuri zote wakasema nipewe mimi, kwa sababu mimi ndiye mpwa niliyekuwa nikimbadilishia sindano. Alhamisi nikalifungua lile bati. Harufu ikanijia kama mtu kafungua gudulia la achari. Kanda imejikunja kingo zake kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Nikafunika haraka, halafu nikafunua tena, maana nimesoma kwamba ule mvuke wa siki ukizibwa ndani ndio unazidi kuila kanda yenyewe. Plastiki ya kanda nyingi za zamani ni asetati. Joto na unyevu vikiizidi huanza kutoa asidi, na ikishaanza hairudi nyuma. Dawa yake ni kuichelewesha tu, kwa ubaridi na ukavu. Sasa ubaridi na ukavu nitavipata wapi hapa Lindi? Nimeitenga na kanda nyingine, kwa kuwa ugonjwa huo huambukiza, na usiku naihamishia chumba cha nyuma kisichopigwa na jua.

Na yaliyomo humo, somo, hayana nakala nyingine popote. Ni dansi la usiku mmoja hapa mjini, 1968, bendi yetu ile ambayo haikuwahi kutoa hata santuri moja. Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, hao angalau walirekodi Redio Tanzania, na wengine santuri zao zilichapwa Nairobi. Vijana wa Lindi walichoachiwa ni bati la biskuti.

Sasa nikueleze kwa nini sikumpelekea mtu wa hapa hapa. Mwaka juzi, mjomba akiwa hai, kijana mmoja anayeweka nyimbo kwenye flashi alikuja kuazima santuri nne, tatu za bendi zetu na moja ya Marekani. Akasema anakwenda kuzihifadhi. Mjomba alifurahi mno, alimpa kwa mikono miwili. Zile tatu zilirudi na mikwaruzo. Ya nne ilikuwa ya Louis Armstrong, mpiga tarumbeta, chapa ya Parlophone, mojawapo ya zile alizoachiwa na yule mzungu aliyempikia Nachingwea, mradi wa karanga ulipokufa 1951. Kijana aliisafisha kwa spiriti. Muulize fundi seremala yeyote: shelaki anayopaka kabati anaiyeyusha kwa nini? Kwa spiriti. Na santuri za mizunguko 78 zimetengenezwa kwa shelaki hiyo hiyo. Upande mmoja ulirudi umefifia, mifereji imelainika, tarumbeta inasikika kama mtu anaimba amejifunika shuka. Maji safi yasiyo na chumvi, tone la sabuni laini na brashi ya manyoya, basi. Mjomba aliyajua hayo miaka yote, ila hakuulizwa.

Hilo la mikwaruzo ningelisamehe. Lililonikaa rohoni ni la Bibi wa kule Mitandi. Unakumbuka mumewe alipohamia Dar alipiga solo kwenye mojawapo ya zile santuri tatu. Siku moja Bibi kapanda bajaji pale stendi, dereva kafungulia muziki, na gitaa la mumewe likaanza. Alilitambua kabla hata ya kuimbwa. Na palepale solo inapoingia, sauti ya yule kijana imewekwa juu yake, inapiga kelele jina lake na namba yake ya simu. Bibi alimwomba dereva apunguze, kisha akamwomba asiondoke mpaka wimbo uishe. Akashuka. Alinisimulia haya arobaini, tumekaa jikoni tunachambua mchele, hakulia wala hakulaumu. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ile ya ujana wake, akiwa anaimba mwenyewe, bado ipo?"

Ipo, somo. Ipo kwenye kanda hii hii inayonuka siki. Nyimbo tatu alizotunga mwenyewe na kuziimba kabla hajawa mpiga gitaa tu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, unajua mimi nikishika kitu. Mtunzi analindwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Wapigaji na aliyerekodi, miaka 50 tangu sauti ilipowekwa kwenye kanda. Ukianza kuhesabu kwa mifano mambo yanakaa wazi. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, basi tungo zake miaka yake 50 iliisha mwisho wa 2015. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, zake mpaka mwisho wa 2029. Sasa kanda yetu: upande wa upigaji, 1968 na 50 ni 2018, umekwisha. Lakini mume wa Bibi, mtunzi, amefariki 1991. Zile nyimbo tatu ni mali ya Bibi na wanawe mpaka mwisho wa 2041. Wazee wa ukoo walinigawia kanda. Nyimbo zilizomo hazikuwa zao wazigawe. Nimelikubali hilo bila kinyongo, na nadhani mjomba naye angelikubali. Ila siki haitangoja 2041, wala haitangoja mvua za masika.

Hapo ndipo ninapozunguka usiku kucha. Sheria inajua kuhesabu miaka ya watu. Miaka ya kanda haiijui. Chukua ile ya Armstrong iliyoharibiwa. Imerekodiwa Chicago, Juni 1928. Kwetu, kwa hesabu ya miaka 50, ilishafunguka zamani, na Uingereza ilikochapwa vivyo hivyo. Marekani kwenyewe bado! Sheria yao ya 2018 imepanga rekodi za 1923 zifunguliwe Januari 2024, kisha kila Januari mwaka mmoja mbele, kwa hiyo za 1928 ni Januari 2029. Na zilizotoka tangu 1957 hadi katikati ya Februari 1972, zote zimefungwa mpaka Februari 2067. Mtu angeridhika kama wenye haki wangekuwa wanazitunza na kuzitoa. Utafiti wa 2005 huko huko uliangalia rekodi za 1890 hadi 1964 ukakuta wenye haki wameziweka sokoni asilimia 14 tu. Na 1 Juni 2008 ghala lenye kanda za kampuni ya muziki ya Universal kule Hollywood liliungua na kanda mama, zile za kwanza kabisa, ndani. Kampuni yenye fedha zote zile. Sasa bati la biskuti?

Kisa kilichonifanya nikukumbuke wewe ni cha fundi mitambo mmoja, Bill Savory. Mwisho wa miaka ya 1930 alikuwa akirekodi jazz inayorushwa redioni New York, Count Basie, Benny Goodman, Billie Holiday, vitu vilivyopigwa mara moja hewani vikapotea. Sahani karibu elfu. Alikaa nazo maisha yake yote, akafa 2004. Makumbusho ya jazz ya Harlem yakazipata 2010, nyingine zimeshabanduka utando, hazichezeki tena. Zilizosalimika walizinakili, lakini miaka ikapita watu wakizisikiliza ndani ya makumbusho tu, kwa kuwa kila wimbo ulikuwa na wapigaji na warithi chungu nzima wa kuombwa. Za kwanza za makumbusho hayo kuuzwa zilitoka 2016. Watu walinung'unika kusubiri. Mimi nilichokiona ni kwamba walinakili kwanza. Ruhusa ilifuata polepole, lakini sauti ilikuwa imeshatoka kwenye sahani inayokufa. Kunakili ili kitu kisife na kunakili ili uuze kwenye bajaji si jambo moja, na nashangaa jinsi hapa mjini yote mawili yanaitwa "kuhifadhi".

Basi nimeamua. Kanda inakiliwe sasa, mara moja, na wa kwanza kuisikia awe Bibi, nyumbani kwake. Akitaka isikike na watu, iandikwe kwa jina la mumewe na senti ikija iende kwake. Akisema ibaki ndani, itabaki ndani. Nakala nataka tatu: moja kwangu, moja kwako, moja Nyaraka za Taifa kama watakubali kuipokea kwa sharti hilo.

Sasa ndugu yangu, nategemea miguu yako. Kanda ni ya inchi 7, upana robo inchi. Shemeji alikuwa na rafiki aliyestaafu redioni, yule mrefu aliyekuja harusini kwako. Bado ana ile mashine ya kuchezea kanda, ya magurudumu mawili? Inafanya kazi kweli au imekuwa stendi ya maua? Anajua kushughulika na kanda iliyojikunja, asije akaivuta ikakatika? Mwambie itachezwa mara moja tu, hiyo mara ya kwanza ndiyo ya kurekodi, bila majaribio. Faili iwe WAV, biti 24, asiibane kuwa MP3 na asiondoe mvumo wowote. Kusafisha tutafanya kwenye nakala. Anatoza kiasi gani? Na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utapita lini? Waulize mjane anaweza kusajili tungo za marehemu mumewe ambaye hakuwahi kusajiliwa, na anahitaji karatasi gani kutoka mahakamani. Cheti cha ndoa anacho, cha kifo anacho, nimeviona kwa macho yangu. Je, na wewe unaonaje, nimwambie Bibi sasa kwamba kanda inaumwa, au ningoje mpaka tupate sauti? Nikimwahidi halafu mashine ikaila, nitamtazamaje?

Nijibu haraka ukiweza. Ukisema mashine ipo, nakata tiketi siku hiyo hiyo. Kanda haitawekwa kwenye buti la basi. Nitaipakata mwenyewe mpaka Mbagala.

Wasalimie watoto, na shangazi mwambie dagaa wake wapo, nakuja nao.

Somo yako

N.B. Ukipita Kariakoo niulizie sindano ya santuri za 78. Ni nene kuliko ya 45, usikubali wakuuzie ile ndogo wakisema ni moja.