Kwa mdogo wangu anayehesabu akina Sofia

Mdogo wangu mpenzi,

Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeuona asubuhi, pamoja na picha: karatasi ya daftari, majina kumi na moja ya binti unayemtarajia, tisa yamekatwa. Sofia umelikata, kisha umeliandika tena pembeni kwa herufi ndogo, kama mtu aliyerudishwa kwa mlango wa nyuma. Kisa chenyewe ni kwamba kliniki muuguzi ameita "Sofia!" wakageuka watoto wawili.

Siwezi kukucheka. Unakumbuka darasani kwetu tulikuwa watatu wenye jina moja? Mwalimu akatugawa: Mrefu, Mfupi na wa Dirishani. Mimi ndiye wa Dirishani, na hata nilipohamishiwa kule nyuma karibu na mlango, niliendelea kuwa wa Dirishani mpaka tunamaliza. Muhula mmoja madaftari ya hesabu yakachanganywa, nikarudi nyumbani na alama za Mrefu, 38, na baba hakutaka maelezo. Inauma kidogo, kuitwa ukageuka, halafu ukaambiwa si wewe.

Ila hizo orodha za intaneti unazokesha nazo zitakutia wazimu bure. Ukiona jina limeshika nafasi ya kwanza Marekani, unadhani watoto wote wanalo. Mwaka 1947 ungekuwa na haki ya kuogopa: lililoongoza lilikuwa Linda (kwetu hicho ni kitenzi, kazi ya askari wa getini), na takriban msichana mmoja kati ya kila 18 waliozaliwa huko alipewa. Olivia, lililoongoza mwaka 2024, halikufikisha hata mmoja kati ya 100. Wazazi wa siku hizi wote wanaikimbia namba moja, na namba moja yenyewe imekonda.

Halafu orodha hizo huhesabu tahajia, hazihesabu sauti. Sophia na Sofia kwao ni majina mawili, na mwaka 2024 yote mawili yalikuwa kwenye kumi bora. Anayemwita mtoto uwanjani hatamki hiyo h. Tena humo humo kwenye kumi bora wamo Olivia, Amelia na Mia. Sikiliza mikia yake! Ukimkimbia Sofia ukaenda kujificha kwa Amelia, binti yako bado atageuka kila mtu akiburuta "-iaaa" kwa mbali. Nyinyi wazazi wa rika moja mna sikio moja, na kila mmoja wenu anaapa kwamba jina kalivumbua mwenyewe.

Na usiniletee ujanja wa tahajia. Ile "Sofeeyah" uliyoandika chini kabisa nimeiona, nimenyamaza kwa heshima. Huyo mtoto atazeeka akisimama kwenye madirisha ya ofisi za watu akitaja herufi moja moja, na bado wataandika Sofia.

Ningekwambia uliache kama lingekuwa na mwenyewe karibu: mtoto wa kaka, mtoto wa jirani wa mlango kwa mlango, mtu ambaye wataitwa pamoja kula kila siku. Hapo jina huanza kudai nyongeza, mara Sofia Mkubwa, mara Sofia Mdogo, na Mdogo hubaki Mdogo hata akifikisha miaka hamsini. Nimeupitia ukoo mzima kichwani. Yupo mmoja tu, yule bibi wa upande wa shemeji, naye aliitwa kwa jina la utani mpaka tunamzika. Wengi wetu jina lake halisi tulilijulia msibani.

Mwongezee jina la pili, fupi, la akiba. Mimi sikuwa nalo, ndiyo maana nikapewa dirisha.

Sasa fungua tena ule ujumbe wa sauti wa dakika nne uliotuma baada ya picha. Kwenye dakika ya pili unakatiza, unaguna, unasema, "Subiri kwanza, Sofia kanipiga teke." Kisha unaendelea kunieleza kwa nini haliwezi kuwa Sofia.

Dada yako,
wa Dirishani