Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tuambiwe Kinachopandikizwa Kwenye Mataya Yetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Afya House,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa mtaa wa Umoja. Niliandika barua kwa wizara yako kwa utaratibu unaotakiwa, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nami nikarudi nyumbani kusubiri. Sijapata jibu hata la kuniambia kwamba imesomwa. Ndiyo maana leo nakuandikia mbele ya kila mtu, kuhusu vipandikizi vya meno na usugu wa dawa, yaani bakteria kuizoea dawa hadi isiwaue.

Mwezi huu nimetolewa kipandikizi cha jino, yaani skrubu inayochimbiwa mfupani ili ishikilie jino bandia, kwenye taya la chini, upande wa kulia. Daktari aliyekitoa alikisuuza, akakitia kwenye kikopo cha plastiki kama vile vya kupimia mkojo, akanipa mkononi. Ni skrubu ya kijivu, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Nusu yake ya juu imegandwa na ukoga mgumu wa rangi ya kahawia, na hata baada ya kusuuzwa bado ilinuka. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya kampuni gani? Ni titani tupu au imechanganywa na metali nyingine?" Sikuwa na la kujibu. Tukaipigia simu kliniki iliyoniwekea. Faili yangu ikafunguliwa, ikakutwa ina jina langu, kiasi nilicholipa na neno moja tu: implanti. Hakuna jina la kampuni, hakuna aina ya metali, hakuna nambari ya bechi. Mheshimiwa, mfuko wa unga wa kilo mbili ninaonunua hapa dukani una nambari ya bechi, tarehe na alama ya ubora. Kitu kilichochimbiwa ndani ya mfupa wangu hakina.

Meno yenyewe niliyapoteza kwenye ajali ya matatu. Nikachukua mkopo wa sacco ili niweze kusimama mbele ya darasa na kutamka maneno sawasawa, kwa maana kazi yangu ni kinywa. Jino sasa halipo, lakini mkopo ungali unakatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi.

Labda washauri wako watakuambia kwamba haya ni ya mgonjwa na kliniki yake, na kwamba aina ya skrubu haihusiani na usugu wa dawa. Yanahusiana sana, na naomba unisikilize hapa kwa makini.

Titani ilianza kupandikizwa mdomoni mwaka 1965 nchini Sweden, baada ya Per-Ingvar Brånemark kugundua katika miaka ya 1950 kwamba metali hiyo hushikana na mfupa hai. Viwanda vya siku hizi huukwaruza uso wake kwa kuupuliza chembe ngumu na kuuosha kwa asidi, kwa sababu mfupa hushika vizuri zaidi mahali penye mikwaruzo. Hilo ni jema maadamu sehemu hiyo imefunikwa na mfupa. Ufizi ukishuka, sehemu hiyo ikawa wazi, bakteria nao wanapata pa kushikilia. Watafiti walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1990 kwamba mikwaruzo ikizidi wastani wa mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ukoga huongezeka. Zirkonia, ile ya kauri nyeupe, katika tafiti kadhaa imeonekana kukusanya bakteria wachache kuliko titani, ingawa tafiti nyingine hazikuona tofauti kubwa. Titani nayo ina shida yake: asidi inayotolewa na bakteria, na vyuma vya kukwangulia ukoga, huweza kubandua chembechembe zake zikaingia kwenye ufizi na kuuchochea uvimbe. Kwa hiyo daktari anayetaka kunitibu anahitaji kujua ni metali gani na uso wake ukoje, kabla hata hajashika chombo cha kusafishia.

Sasa njoo kwenye dawa. Bakteria waliojishika kwenye skrubu hawaelei mmoja mmoja. Wanaanza wale wa jamii ya Streptococcus, wanafuata akina Fusobacterium, kisha wanakuja wabaya wenyewe kama Porphyromonas gingivalis, wote wakijifunika kwa ute wanaoutengeneza. Ndani ya utando huo wanaweza kustahimili dawa hata mara 1,000 kuliko wanapokuwa peke yao. Dawa ikifika kule ndani imeshapungua nguvu. Inawaua wanyonge na kuwaacha wenye nguvu. Na kwa vile wanaishi wamebanana, hupeana vipande vya DNA vyenye maarifa ya kuishinda dawa. Wanavipeana hata na bakteria wa jamii nyingine. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 120 wenye uambukizo kwenye vipandikizi: zaidi ya asilimia 70 walikuwa na bakteria walioishinda angalau dawa moja kati ya zile zinazoandikwa kila siku, yaani amoksisilini, metronidazoli, klindamaisini na doksisaiklini.

Kuna jambo lingine linalonitia hofu zaidi. Kuna vipandikizi vinavyopakwa madini ya fedha, zinki au hata antibiotiki yenyewe, ili viue bakteria. Nia ni njema. Lakini jeni, yaani maelekezo yaliyo ndani ya DNA, za kustahimili metali kama fedha na shaba mara nyingi hukaa kwenye kipande kimoja cha DNA na jeni za kustahimili antibiotiki. Ukiwabana bakteria kwa metali, unawachagua pia wale wasiosikia dawa. Na antibiotiki inayovuja kidogo kidogo kwa muda mrefu ni shule ya usugu. Je, changu kilikuwa kimepakwa kitu? Sijui, daktari wangu hajui, na kliniki haijui. Nashuku kilikuwa cha bei ya chini, kilichoingia nchini bila kukaguliwa. Siwezi kuthibitisha, kwa sababu hakuna karatasi ya kuthibitishia.

Ufizi ulipoanza kuvimba na kutoa usaha, kliniki iliniandikia amoksisilini. Ikatulia, ikarudi. Wakaniongezea metronidazoli. Ikatulia, ikarudi tena na harufu mbaya zaidi. Usiku mmoja maumivu yaliponizidi nilitembea hadi kemisti ya mtaani. Kijana aliyekuwa kaunta hakuniuliza cheti cha daktari, hakuniuliza nimekunywa nini kabla. Alinikatia vidonge vya azithromaisini kwa mkasi, akavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, akaniandikia kwa kalamu "1x1". Azithromaisini, Mheshimiwa, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa uangalifu kwa sababu usugu wake unakua upesi. Jirani yangu wa ghorofa ya chini hununua hiyo hiyo kwa ajili ya mafua ya mtoto.

Katika muda wote huo hakuna aliyechukua usaha ukaoteshwa maabara ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi inayowaua. Aliyefanya hivyo ni daktari wa mwisho, na majibu yalipokuja dawa mbili kati ya zile nilizokuwa nimemeza zilikuwa na herufi R mbele yake, yaani bakteria wangu hawazijali. Mfupa ulikuwa umeshaliwa. Ikabidi kipandikizi king'olewe.

Nikukumbushe ahadi, kwa heshima. Serikali yetu ilizindua mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017, na wa pili ni wa 2023 hadi 2027. Mipango hiyo inaahidi maabara, ufuatiliaji wa usugu na matumizi sahihi ya dawa. Mwezi Septemba 2024 viongozi wa dunia walikubaliana kwenye Umoja wa Mataifa kule New York kwamba vifo vinavyohusiana na usugu vipunguzwe kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Mnajua ukubwa wa jambo: kwa mwaka 2019 pekee ulimwengu ulikadiriwa kupoteza watu milioni 1.27 moja kwa moja kwa sababu ya usugu wa bakteria. Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ipo tangu zamani. Bodi ya kuisimamia ipo, na vifaa vya tiba viko chini ya mamlaka yake. Basi yule kijana wa kaunta aliwezaje kunikatia vidonge usiku ule? Na ile skrubu ilipita mlango gani hadi ikafika kwenye taya langu? Nataka majibu ya maswali haya mawili, na nayataka kwa maandishi.

Najua una mengi mezani. Najua kuna kina mama wanaojifungulia sakafuni na hospitali zisizo na glavu, na sitaki jino langu liwekwe mbele yao. Lakini bakteria waliojifunza kwenye kinywa changu hawataishia kwangu. Nafundisha watoto wengi katika darasa moja, madirisha yake hayafunguki yote. Nikikohoa, wao ndio wanaopokea.

Ningeweza kuomba mengi: maabara ya kuotesha vimelea katika kila hospitali ya kaunti, msako wa makemisti, orodha ya vipandikizi vilivyoruhusiwa ambayo mwananchi anaweza kuisoma kwenye simu yake. Yote yanahitajika. Lakini nimejifunza kwamba ukiomba mengi unajibiwa kwamba bajeti haitoshi. Kwa hiyo naomba kadi. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2017 kuhusu vifaa vya tiba, unataka mgonjwa akipandikizwa kifaa apewe kadi inayosema ni kifaa gani, kimetengenezwa na nani na kina nambari gani. Ni kipande cha karatasi. Hakihitaji mkopo wa benki ya dunia wala kamati ya kwenda kujifunza ng'ambo. Agiza kwamba hakuna kliniki Kenya itakayopandikiza jino bila kumpa mgonjwa kadi yenye jina la kampuni, aina ya metali au kauri, kilichopakwa juu yake, nambari ya bechi na tarehe; na nakala ibaki kwenye faili.

Kadi hiyo, Mheshimiwa. Taya la kushoto bado lina kipandikizi cha pili, kilichowekwa siku ile ile, na ufizi wake umeanza kuwa mwekundu. Daktari wangu anasubiri kujua ni cha nini ili aamue jinsi ya kukisafisha. Naomba ofisi yako iiamuru kliniki ile itafute stakabadhi za ununuzi wake na kunipa jibu kabla ya mwezi huu kwisha.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Umoja, Nairobi.