Mogadishu ya sinema na mwezi uliorukwa

Mhariri,

Safu yenu ya filamu ya Jumamosi iliyopita iliwahimiza wasomaji waitazame tena Black Hawk Down, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2001 kuhusu mapigano ya wanajeshi wa Marekani mjini Mogadishu mnamo Oktoba 3, 1993, ikaieleza kuwa somo zuri la historia ya Somalia. Kuhusu ustadi wake sina ubishi, na tuzo 2 za Oscar ilizopata, ya uhariri na ya sauti, ilizistahili. Ninachopinga ni kuwapa vijana wetu filamu hiyo kama somo la historia, kwa sababu imeruka sehemu ambayo bila hiyo mambo mengine yote hayaeleweki, nayo ni sehemu inayotuhusu hata sisi Wakenya.

Maandishi ya utangulizi yanataja njaa, kisha kuuawa kwa askari 24 wa Pakistan wa kikosi cha Umoja wa Mataifa mnamo Juni 5, 1993, halafu yanakwenda moja kwa moja hadi mwisho wa Agosti, makomando wa Marekani walipopelekwa kumwondoa Mohamed Farah Aidid, kiongozi wa wanamgambo mjini Mogadishu. Julai haimo. Ilikuwa Julai 12 ambapo helikopta za Marekani zilishambulia kwa makombora nyumba moja mjini Mogadishu walimokuwa wamekutana wazee na watu wenye heshima wa Habar Gidir, ukoo wa Aidid, na kwa makadirio ya Msalaba Mwekundu watu 54 waliuawa. Umati uliojaa hasira uliwageukia waandishi wa habari waliofika kupiga picha, ukawaua wanne: Wakenya Hos Maina na Anthony Macharia, Dan Eldon aliyekulia Nairobi, na Mjerumani Hansi Krauss. Mtazamaji asiyeambiwa habari za siku hiyo hawezi kujua ni kwa nini, ilipofika Oktoba 3, wakazi wengi wa mitaa ya karibu na soko la Bakara, hata wasio wanamgambo, walimiminika barabarani kupambana na wanajeshi wa Marekani waliokuja kuwakamata wasaidizi wa Aidid. Ataondoka akidhani kwamba Wasomali ndivyo walivyo.

Na hao Wasomali wenyewe wameonyeshwaje? Osman Ali Atto, mfadhili wa Aidid, anatokea akivuta sigara nene aina ya siga huku amevaa hereni. Atto halisi, aliyekuwa hai filamu ilipotoka, aliiambia BBC kwamba havuti siga wala havai hereni. Aliyemwigiza ni Mwingereza mzaliwa wa Grenada, na mji tunaouona ni wa Morocco. Hayo ningeyasamehe, maana mwaka 2001 hakuna ambaye angethubutu kupeleka kamera na bima yake Mogadishu. Lakini ngojeni hadi mwisho kabisa, pale maandishi yanaposema kwamba zaidi ya Wasomali 1,000 walikufa pamoja na wanajeshi 19 wa Marekani. Yanafuata majina ya wale 19, mmoja baada ya mwingine. Wale 1,000 wanabaki kuwa tarakimu.

Mwamba ngoma huvutia kwake, nami siwalaumu Wamarekani kwa kuwalilia watoto wao katika filamu ambayo wizara yao ya ulinzi iliiazima helikopta na askari. Hata washirika wao hawakuridhika: Pervez Musharraf, aliyekuwa rais wa Pakistan, alilalamika kwamba askari wake, ambao pamoja na Wamalaysia walikwenda na magari ya deraya kuwaokoa Wamarekani waliozingirwa, wamesahauliwa, na mwaka 2023 Malaysia ikatoa filamu yake kuhusu usiku huo wa uokoaji.

Wasomali nao sasa wanashika kamera. Mwaka 2024 Mo Harawe alipeleka katika tamasha la filamu la Cannes The Village Next to Paradise, filamu aliyoipigia Somalia kwenyewe. Inaanza kwa taarifa ya televisheni ya ng'ambo kuhusu shambulio la ndege isiyo na rubani, kwa lugha ile safi tuliyoizoea, ya mlengwa na mafanikio; kisha tunaletwa kwa baba anayeishi kwa vibarua, kimojawapo kikiwa kuchimba makaburi. Hakuna kikosi cha Marekani kinachoteremka kwa kamba. Dola kubwa iko angani tu, na wanakijiji wanahangaika na karo ya shule na mkate wa siku. Kwangu mimi filamu hiyo inaeleza uhusiano wa Washington na Somalia kwa usahihi zaidi kuliko saa mbili na zaidi za milio ya risasi.

Naomba basi mwandishi wenu aitafute na kuiandikia katika safu hiyohiyo, kwa nafasi ileile aliyompa Scott. Na mkiipendekeza tena Black Hawk Down, tafadhali waandikieni wasomaji japo aya moja juu ya Julai 12, yakiwemo majina ya Maina na Macharia.

Msomaji wenu,
Eastleigh, Nairobi