Viwanja vikongwe vikarabatiwe, visitelekezwe

Ndugu Mhariri,

Wapo wanaotaka viwanja vikongwe viachwe, wakidai uwanja mpya humpa mtazamaji nafasi bora kila mara. Si kweli. Tupime kwa mita. Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti takriban 60,000, umezungukwa na njia ya riadha. Njia nane za sentimita 122 ni karibu mita 10 kila upande. Nyuma ya goli ni mbali zaidi, kwa kuwa njia hupinda: shabiki wa mstari wa mbele yuko zaidi ya mita 35 kutoka golini. Uwanja wa Azam Complex, ulioko Chamazi, Dar es Salaam, hauna njia hiyo, na sauti ya jukwaa humfikia mchezaji.

Ubovu wa viwanja vikongwe unatibika. Maji hutuama golini kwa sababu udongo umeshindiliwa na miguu. Utobolewe, matundu yajazwe mchanga. Zege la jukwaa likibanduka na nondo kuonekana, sehemu hiyo ifungwe siku hiyohiyo. Na milango ya kutokea ifunguke kwa nje, isipigwe kufuli mechi ikiendelea. Kuacha kufuli hakuhitaji bajeti yoyote.

Mpenzi wa soka,
Temeke, Dar es Salaam