Dada, yale mayai ya darasa la tatu

Dada shikamoo.

Simu yangu hupokei, meseji zinaonyesha umesoma afu kimya, na hii ni wiki ya sita. Sa nimeona niandike hapa maana hapa najua unapita, mdogo wetu kaniambia huwa unaperuzi saa tisa usiku kwenye breki, glavu umezitia mfukoni. Watu wengine watasoma, wasome tu, hakuna la aibu. Au lipo ila ni langu.

Unakumbuka ile Alhamisi ya mwezi wa nne, saa nane kasorobo mchana, ving'ora vikalia mji mzima? Ulikuwa ndo kwanza umelala, umetoka zamu, ukanipigia unahema, kuna nini, mtoto yuko wapi. Na mi niko pale pale koridoni shuleni kwake, kazini kwangu, watoto wote wamepiga magoti wameuinamia ukuta mikono juu ya shingo, mazoezi ya tonado, kila mwaka mwezi wa nne jimbo zima la Minnesota huku Marekani wanafanya. Nilikujibu nacheka. Samahani kwa kile kicheko. Binti yako alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, kamba ya kiatu kimoja imefunguka, nilitaka nikwambie hata hilo ila mwalimu alikuwa ananikata jicho. Ile ndo simu ya mwisho tuliyoongea kama ndugu.

Na siku ile ile ndo mayai yalifika darasani kwake. Hili hujawahi kulisikia kutoka kwangu kwa sababu hukunipa nafasi, basi lisikie leo. Mayai kumi na mawili, kwenye mashine ya plastiki ya kutotoleshea, ukubwa wake kama lile sufuria lako la pilau, ina kioo juu na kipimajoto, nyuzi 37.5. Nje theluji chafu bado imebaki kwenye kona ya maegesho, eti ndo majira ya kuchipua hayo, na ndani kila darasa lina kitu kinaota, la kwanza wana maharage kwenye mifuko ya plastiki wameyabandika dirishani na pamba yenye maji, la pili wana viwavi kwenye vikombe wanangoja wawe vipepeo. La tatu mayai. Mwalimu akachukua penseli akachora alama ya X upande mmoja wa kila yai na O upande wa pili, akawaambia mtayageuza mara tatu kwa siku, asubuhi X iwe juu, mchana O, hivyo hivyo mpaka siku ya 18, baada ya hapo hamna ruhusa ya kugusa.

Binti akanyoosha mkono. Mtoto ambaye tangu mwezi wa tisa ulikuwa unaniambia mbona shule wanasema haongei, akanyoosha mkono, akasema bibi yangu anaweka alama ya mkaa. Mwalimu hakulielewa neno mkaa, mi nilikuwa napita na ndoo, kuna mtoto wa chekechea alikuwa ametapika, nikaitwa mlangoni nieleze. Nikasimama pale na ile ndoo inanuka nikieleza kwamba bibi kule Muheza akimlaza kuku anachora mayai yote mstari wa mkaa, kuku mwingine akija kutagia humo humo, lile lisilo na mstari linatolewa linakaangwa. Darasa zima likasema waaa. Dada, ungemuona usoni.

Haya, sa tuje kwenye daftari.

Kila mtoto alipewa lake, vikaratasi vimebanwa na pini, viboksi 21, kila siku anachora na kuandika alichokiona au anachodhani kinaendelea humo ndani, analipeleka nyumbani analirudisha. La binti kuanzia kiboksi cha pili mpaka cha kumi lilikuwa limejaa tebo. Saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, kwa peni, umemkandamizia mpaka karatasi imetoboka kwenye saba mara nane. Mwalimu hakukasirika, wale hawakasiriki mbele za watu, akasema tu angependa kuonana na mzazi. Na kwa kuwa anko mtu yupo hapo hapo shuleni, anko atatafsiri.

Hapo shule ilikosea na nalisema. Walitakiwa walete mkalimani, hata wa kwenye simu, ni sheria huku, na ni bure. Ila na mi nilikubali haraka haraka kwa sababu, we unanijua, napenda kuonekana nafaa.

Jumanne ile. Tulikalia vile viti vidogo, magoti yako yamefika kifuani, umevaa ile koti nyeusi ya kazini kwa sababu ulikuwa unapitiliza, na binti katikati yetu. Mwalimu akafungua daftari taratibu akalizungusha likuelekee, akasema nampenda sana bintiyo, naona anajua sana kuhusu kuku, nilikuwa najiuliza hizi namba zina maana gani. Nikakutafsiria vizuri tu mpaka hapo, niambie kama sikutafsiri vizuri. Ukaliangalia daftari. Ukamwangalia mwalimu machoni, hukuniangalia mi, ukasema, "Mwambie huyu mama sikuvuka bahari mwanangu aje aangalie mayai yakianguliwa. Kuku kwetu wapo. Mwambie kama hana cha kufundisha aseme."

Na mi nikasema kwa Kiingereza, anashukuru sana mwalimu, anasema hata kwetu tunafuga kuku, anafurahi mtoto anajifunza.

Mwalimu akashika kifua. Akasema, jamani, anaweza kuja Ijumaa awaelezee watoto? Nikakwambia, anasema amekuelewa. Ukasema haya. Nikamwambia mwalimu, atakuja.

Nimelirudia hili kichwani mpaka nimechoka, naliona kama liko kwenye simu naliskroli juu chini. Afu ile sauti ndogo katikati yetu, kwa Kiswahili, wala haikuwa kubwa: "Mama, anko hajasema ulichosema."

We ukaniuliza, umesema nini? Na mi nikakujibu nini? Nikasema twende dada, utachelewa kazini. Kwenye gari ndo binti akakwambia yote, neno kwa neno, kwa lugha mbili, kama kaseti. Ukashuka kwenye taa nyekundu ukaenda kwa miguu mpaka kituo cha basi na mvua ile. Mi nimekosa, sawa, ila kushuka kwenye taa nyekundu na mtoto yupo ndani anaangalia, hilo nalo limekaaje? Alinyamaza njia nzima. Alifika nyumbani akaniuliza kama mama atapotea.

Sa sikiliza, ningesema nini? Nitafsiri vile vile? Yule mwalimu ndo aliyeniandikia barua nikapata kazi pale. Ndo aliyetafuta koti la theluji la binti akalitia kwenye begi bila kusema neno, we ukadhani nimenunua mi na nikaacha udhani hivyo. Haya na hilo ulijue. Ningemwambia kama hana cha kufundisha aseme? Umesema kwa hasira, umetoka kulala masaa matatu, nikasema moyoni hii si dada yangu anayeongea ni uchovu, sa kwa nini nitafsiri uchovu?

Ndo nilivyokuwa najiambia. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kwa dakika moja, kwenye kile kiti kidogo, nilikuonea aibu we uliyenilea, na sikutaka mwalimu aone, basi nikakuvalisha maneno mengine kama mtu anavyomfunika maiti shuka. Hujafa dada. Ulikuwa na hoja yako na mi nikaila.

Maana hoja unayo, na ningekuwa mtu ningeieleza. Ningemwambia mwalimu kwamba sisi kwetu masika ndo hivyo hivyo, mwezi wa nne, mvua zinashuka, na sisi tulikuwa na shughuli za nje ya darasa kuliko watoto wake wote. Jembe kila Ijumaa. Samadi kwenye mfuko wa rambo. Kidumu cha maji asubuhi, na siku uliyokuja bila kidumu ulichapwa mbele mstarini na mi nikiwa la pili nakuona. Miaka ile ya MMEM, ule mpango wa elimu ya msingi, ada imefutwa watoto tumefurika, dawati moja wanne, na siku za palizi tunalima shamba la mwalimu mkuu linaitwa somo. Mahindi hatukula. Kwa hiyo mtu akikwambia mwanao leo kashika udongo, leo kaangalia wadudu, we unasikia jembe. Naelewa. Darasa kwako ni kukaa chini na kitabu chako mwenyewe, kile ambacho wewe hukukipata.

Na kingine ambacho sikukiwaza hadi juzi. Minnesota ndo jimbo linaloongoza Marekani kwa bata mzinga, na we ndo upo mwisho wa ule mnyororo wa kiwandani, usiku kucha wanapita wamening'inizwa miguu juu mbele yako, vidole vimekufa ganzi. Afu asubuhi mtoto anakuletea daftari la kifaranga uchore naye. Mi ningelichana.

Ila usingemwandikisha tebo juu yake. Hapana, hapo siwezi kukupa. Ungempa karatasi nyingine. Unaogopa ule mtihani wa jimbo, wa kusoma na hesabu, kweli unaanzia la tatu, ila haumrudishi mtoto darasa kama ule wetu wa la nne, nimekwambia mara ngapi, na tebo anazijua huyu mtoto, zile mayai alizipigia hesabu mwenyewe, mara tatu kwa siku, siku 17, mara kumi na mawili, akamwambia mwalimu yatageuzwa mara 612. Mwalimu akatoa simu kuhakiki. Hiyo ni tebo dada, sa unataka tebo gani?

Ijumaa mwalimu aliweka kiti cha watu wazima mbele ya kapeti. Kilikaa. Mi sikukwambia kwamba unasubiriwa, na ningekwambiaje wakati hupokei simu, na binti hakukwambia kwa sababu zake. Ilipofika saa nne mwalimu akaniangalia, nikasema zamu imembana, uongo wa pili, afu nikajitia kukalia mi nieleze habari za kuku. Binti akasema kwa Kiingereza, safi kabisa, anko hajui, alikuwa anaogopa jogoo, mama ndo anajua. Watoto wakacheka mpaka wakalala. Kwa hiyo hilo umemwambia! Katika yote ya kumhadithia mtoto, jogoo wa mzee.

Akaeleza yeye. Akawaambia kuku anayeatamia hapendi kuguswa. Wakafunga mapazia wakamulika mayai kwa tochi moja moja, ukiona mishipa myekundu kama mizizi kuna mtu humo, likiwa jeupe tupu ndo viza, na yeye akayajua mawili ya viza kabla ya mwalimu. Umemfundisha wewe hayo au bibi kwa video, sijui, mi sikumfundisha.

Siku ya 21 yalipasuka tisa. Linaanza kitobo kidogo, afu kinapumzika masaa, watoto wanaogopa, wanataka kusaidia, na mwalimu anakataza maana ukimmenya anaweza kutoka damu akafa, aachwe atoboe mwenyewe na kile kinundu cha juu ya mdomo. Moja lilianza kutoboka halikumaliza. Binti alikaa nalo mpaka kengele ya basi. Alilia, nilimpeleka nyumbani mi, ulikuwa umeshatoka.

Ushauri wangu, kama bado napokelewa: mwezi wa tisa wakikuita, usinikubali mi. Usimkubali na mtoto. Ukifika ofisini sema neno moja tu, Swahili, watapiga simu atatokea mtu, na yule mtu mwambie kila kitu hata lile la kama hana cha kufundisha. Yule mwalimu atalibeba, nimeanza kuamini hivyo. Mi sikumpa nafasi alibebe. Ingawa na we ungeweza kuniuliza siku ile ile, anko umefanya nini, ukanitukana tukamaliza, badala ya wiki sita. Mama kule ananiuliza mbona hamji pamoja kwenye video, nasema intaneti.

Daftari ninalo. Binti alilificha kwenye gari langu chini ya kiti cha mbele, nimeliona juzi nikifagia, shule imeshafungwa. Kiboksi cha 21 hakina tebo. Kachora kifaranga kimelowa manyoya, kaandika kwa Kiswahili kilichokosewa, *kametoka kama mama akitoka kazi kesha oga*. Sijui anamaanisha nini. Nadhani najua.

Jumapili sina kazi. Nitapita mchana ukiamka, nina sufuria yako na ule unga wa sembe ulioniazima. Usipofungua nitaviacha mlangoni. Daftari siliachi, wamesema itanyesha.