Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani: wafungulieni Wachagos Diego Garcia

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania, kuhusu watu ambao nchi yako ilitaka waondolewe kwao ili ipate mahali pa kutua ndege zake. Ni watu wa visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi. Kisiwa chao kikubwa, Diego Garcia, kiko karibu latitudo moja na Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 3,600 mashariki yetu. Kwa miaka mingi serikali za Washington zikiulizwa habari zao zimejibu kwamba hayo ni mambo ya Uingereza. Jibu hilo si la haki, na nyaraka za nchi yako mwenyewe zinalikanusha.

Wazo lilianzia kwenu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mpangaji mmoja wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Stuart Barber, aliiona dunia inavyobadilika. Makoloni ya Asia na Afrika yalikuwa yanakwenda kwenye uhuru, na serikali mpya zingeweza wakati wowote kuwaambia wageni wenye kambi wafungashe virago. Ushauri wake ulikuwa kwamba Marekani ijitafutie mapema visiwa vidogo vya mbali, vyenye watu wachache, ivishike kabla havijaingia mikononi mwa nchi mpya. Alipovipitia kwenye ramani, Diego Garcia ndicho kilichompendeza zaidi: kina ghuba tulivu ndani yake, na ardhi bapa inayofaa uwanja wa ndege.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajua hofu hiyo ilikuwa na msingi gani. Mwaka 1960 Marekani ilijenga Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Wapo Wazanzibari waliokipinga tangu mwanzo kwa kushuku kwamba ni cha kijeshi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Mzee Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe, na kikaondolewa. Nchi ilisema hapana, mgeni akachukua vyombo vyake akaondoka. Mwaka huohuo maofisa wa Marekani na Uingereza walikutana London kuzungumzia visiwa, kisha timu yao ya pamoja ikaenda kukipima Diego Garcia. Sidai kwamba Tunguu ndiyo iliyowapeleka huko, maana mawazo ya Barber yalikuwa yameshatangulia. Ninachosema ni kwamba mlitafuta mahali ambapo hapatakuwa na mtu wa kuwaambia hapana, na mlipokuta watu wapo, mkataka waondolewe.

Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilikimega Chagos kutoka Mauritius, koloni lililokuwa njiani kupata uhuru wake wa 1968. Desemba 1966 nchi zenu mbili zikabadilishana hati: Marekani itumie visiwa hivyo miaka 50, na inaweza kuongezewa 20. Kwenye hati hizo hakuna kodi yoyote. Pembeni, kwa siri, Uingereza ilipunguziwa hadi dola milioni 14 katika gharama za makombora ya Polaris iliyoyanunua kwenu. Bunge lenu halikujua habari hiyo hadi 1975, yaani wawakilishi wa wananchi wa Marekani nao walifichwa. Na katika makubaliano ya siri yaliyoambatana na hati hizo, kuwaondoa wakazi kuliitwa "hatua za kiutawala".

Naomba uwajue hao wakazi. Wazee wao waliletwa utumwani kuanzia miaka ya 1780, wengi wakitoka Msumbiji na Madagaska, wakipitia Mauritius, kufanya kazi katika mashamba ya minazi ya Wafaransa. Mji wangu umo katika habari hiyo. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lao lilikuwa huko huko Mauritius. Kwa hiyo nikisoma habari za Wachagos siwasomi kama watu wa mbali. Utumwa ulipokwisha walibaki, wakawa wenyeji. Walikausha mbata, walikamua mafuta ya nazi, walivua, walifuga, walizika wafu wao, walibatiza watoto, walicheza ngoma yao ya sega Jumamosi usiku, na walikuwa na lugha yao wenyewe ya Krioli. Yalikuwa makazi ya vizazi na vizazi. Kuna karatasi za serikali za wakati ule zilizotaka waonekane kama vibarua wa kupita tu, kwa sababu sheria za Umoja wa Mataifa kuhusu wakazi wa makoloni zingewabana walioziandika.

Waliondolewa taratibu kwanza. Waliokwenda Mauritius kutibiwa walizuiwa kurudi. Charlesia Alexis alimpeleka mumewe hospitali mwaka 1967. Alipotaka meli ya kurudi aliambiwa hakuna. Rita Bancoult alikwenda mwaka uliofuata na binti yake aliyekuwa ameumia mguu. Mtoto alifariki, na mama alipokwenda kuulizia safari akajibiwa kwamba kisiwa chake kimeuzwa. Huku visiwani, meli za kuleta chakula na dawa zikapungua.

Machi 1971 wajenzi wa Jeshi lenu la Wanamaji walishuka Diego Garcia. Mwaka huo Mkuu wa jeshi hilo, Admirali Elmo Zumwalt, aliulizwa kuhusu wenyeji waliokuwa bado wapo, akaandika maneno matatu ya Kiingereza ambayo maana yake ni kwamba hapana budi waondoke. Ni ofisa wa Marekani, Mheshimiwa, si wa Uingereza. Kabla watu hawajamalizika kuondoka, mbwa wao walikusanywa. Mamia waliingizwa katika banda la kukaushia mbata na kuuawa kwa moshi wa magari ya wanajeshi wenu. Watoto walisikia mbwa wao wakilia humo ndani. Wazee walioshuhudia wamelisimulia jambo hilo mara nyingi, na wote waliona ni onyo kwamba zamu inayofuata ni yao.

Kisha ikawa zamu ya watu wenyewe, kwa meli. Visiwa vya mwisho, vya Peros Banhos, vilihamishwa mwaka 1973. Liseby Elysé alikuwa mmoja wa waliopakiwa katika meli ya Nordvaer, akiwa mjamzito. Miaka 45 baadaye ushahidi wake ulioneshwa kwa video mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, kwa kuwa hakuwahi kujifunza kusoma na alitaka aseme kwa kinywa chake. Alisema ndani ya meli ile walikuwa kama wanyama na watumwa. Mtoto wake alikufa alipozaliwa. Jumla ya waliotolewa visiwani ni kati ya watu 1,500 na 2,000. Waliachwa Mauritius na Shelisheli bila nyumba wala kazi. Uingereza ililipa fidia kidogo, kwa kuchelewa, na haikuwafikia wote. Marekani haijawalipa hata senti moja.

Kuna jambo katika habari hii ambalo kila nikilifikiria linaniumiza. Katika kundi la visiwa vilivyomegwa mwaka 1965 kilikuwamo Aldabra, kilicho karibu zaidi na pwani yetu, na ulikuwapo mpango wa kujenga uwanja wa ndege za kijeshi huko pia. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipiga kelele, kwa sababu Aldabra ni makao ya kobe wakubwa na ndege wa nadra. Hoja ilifika bungeni na magazetini, na mwishoni mwa 1967, pauni nayo ikiwa imeporomoka, mpango ukaachwa. Nafurahi kobe wale walipona. Lakini Wachagos hawakupata mtu wa kupiga kelele hiyo kwa ajili yao, na aliyekuwa akiamua alijua vizuri kwamba wapo.

Najua utasema kambi hiyo ni muhimu kwa usalama wa dunia. Tunaona kazi yake. Ndege za B-52 zilitoka hapo kuipiga Iraq mwaka 1991, Afghanistan mwaka 2001, Iraq tena mwaka 2003. Mwaka 2008 waziri wa Uingereza, David Miliband, alilazimika kuliambia bunge lake kwamba ndege mbili za Marekani zilizobeba wafungwa wa siri zilitua hapo mwaka 2002, baada ya serikali yake kukana kwa muda mrefu. Machi 2025 ndege za B-2 zilionekana kwenye picha za setilaiti zikiwa zimejipanga uwanjani, wakati mlipokuwa mnaishambulia Yemen. Bahari hii ndiyo tunayoivua na kuisafiria. Mwaka 1971 Tanzania ilisimama pamoja na Sri Lanka kutaka Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liitangaze Bahari ya Hindi kuwa eneo la amani, na azimio likapita kwa kura 61 bila ya kupinga hata moja. Nchi 55 hazikupiga upande wowote, yenu ikiwamo. Mimi naamini azimio lile lilikuwa sahihi na bado ni sahihi.

Hata hivyo, barua hii haikuombi uivunje kambi. Nitaliandika siku nyingine hilo. Leo nauliza swali dogo zaidi: kambi inahitaji kisiwa kitupu kwa sababu gani? Guam, kisiwa chenu cha Pasifiki, ina watu. Okinawa, huko Japani, ina watu, wanaandamana, wanalalamikia kelele na ajali, na wanajeshi wenu bado wako pale. Diego Garcia penyewe si patupu. Wanaishi humo maelfu, wanajeshi na vibarua wa mkataba, wengi wao kutoka Ufilipino. Kambi iko mkono wa magharibi wa kisiwa. Upande wa mashariki, ng'ambo ya ghuba, ndipo yalipo magofu ya shamba la East Point, kanisa na makaburi. Punda walioachwa na wenyeji bado wanazurura kule, wamehifadhiwa. Mtu kutoka Manila anakaribishwa kufua nguo za wanajeshi, na mtu ambaye bibi yake amezikwa East Point anaambiwa ni hatari kwa usalama. Barber mwenyewe, uzeeni, aliandika kwamba kuwaondoa hakukuwa na ulazima, akataka warudishwe.

Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, chini ya urais wa Abdulqawi Yusuf kutoka Somalia, ilitoa maoni kwamba kuimega Chagos hakukuwa halali na kwamba Uingereza ikabidhi haraka iwezekanavyo. Mei mwaka huo Baraza Kuu liliunga mkono kwa kura 116. Nchi sita tu zilipinga, na Marekani ilikuwa mojawapo. Nchi yako huwahimiza wengine kuheshimu mahakama na mipaka, na mara nyingi huwa na haki ya kuhimiza hivyo. Hapa ilipotakiwa ijihimize yenyewe, ilipiga kura ya hapana.

Tarehe 22 Mei 2025 Uingereza na Mauritius zilitia saini mkataba: mamlaka ya visiwa yawe ya Mauritius, na kambi ibaki kwa kukodishwa miaka 99. Wachagos wenyewe hawana sauti moja juu yake. Wapo wanaoupokea, na wapo wengi, hasa wale wa Crawley, Uingereza, wanaolalamika kwamba kwa mara nyingine mikono mingine imetia saini kuhusu kwao bila wao kuulizwa. Mkataba huo unaruhusu kurudi visiwa vingine, kama Peros Banhos na Salomon. Diego Garcia umeuacha umefungwa.

Na hapa ndipo ninapokujia wewe, kwa sababu kufuli hilo ni lenu. Mwaka 2000, mwaka uleule ambao mahakama ya London ilitamka kwamba uhamishaji haukuwa halali, wizara yako iliiandikia Uingereza kupinga watu kurudi hata kwenye visiwa vya mbali na kambi. Olivier Bancoult, mwana wa yule Rita, alipoishitaki serikali ya Marekani kwenu, majaji walisema mwaka 2006 kwamba hilo ni suala la kisiasa, si la mahakama. Basi kama ni la kisiasa, aliyepewa kulijibu ni mwanasiasa, na ofisi inayohusika ni yako.

Nakuomba utamke kwa maandishi kwamba Marekani haipingi Wachagos kuishi upande wa mashariki wa Diego Garcia. Nakuomba uwanja wa ndege upokee ndege za raia, kwa sababu Peros Banhos na Salomon ziko zaidi ya kilomita 200 kaskazini, hazina uwanja wao, na mgonjwa wa huko hatafika popote kwa mashua. Kazi za kambi wapewe wao kwanza wanaozitaka. Fidia ilipwe na nchi yako kwa sehemu yake, bila kujificha nyuma ya London, na msamaha uombwe kwa jina la serikali yako. Charlesia Alexis alifariki mwaka 2012. Waliozaliwa visiwani wanazidi kupungua, na kwa wao mwaka mmoja wa kusubiri kikao kingine ni mwingi mno.

Jibu lako usinielekezee mimi. Wapelekee wao, Port Louis ya Mauritius, Victoria ya Shelisheli na Crawley, na liandikwe pia kwa Krioli ili wazee wasomewe.

Wako kwa heshima,
Mwananchi wa Kilwa, Tanzania