Cheti changu sikutumiwa kwa basi

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma tangu enzi za kusimama kwa muuza magazeti na kulipia kupekua, na sijawahi kuwaandikia. Safari hii mmenigusa. Ile habari ya watu mashuhuri waliosoma kwa masafa, yaani bila kwenda darasani kila siku, mliipamba kwa picha ya Mandela, kisha neno "wahitimu" mkalitia kwenye alama za mtajo. Za nini?

Mandela aliondoka chuo cha Fort Hare mwaka 1940 bila shahada, akaja kuipata 1943 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kinachofundisha kwa masafa. Ile ya sheria alitunukiwa na chuo hichohicho 1989, bado mfungwa. Desmond Tutu alipata yake ya kwanza hapo 1954, Ramaphosa ya sheria 1981. Nao ni wa kwenye alama?

Mimi ni wa Chuo Kikuu Huria, nacho cha masafa, kile cha Kinondoni kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Miaka sita nimesoma sheria usiku, watoto wakishalala, luku ikiisha nawasha tochi ya simu. Nikaitwa usaili kwenye ofisi moja maeneo ya Posta, katikati ya jiji. Mzee mmoja wa jopo akakiinua cheti changu kwenye taa, kama mama ntilie anayekagua noti ya elfu kumi, akauliza, "Hiki mlitumiwa kwa basi?" Wenzake wakacheka. Dada aliyekuwa akiandika alama akajiziba mdomo kwa faili. Mhariri, mitihani nimekaa ukumbini, kitambulisho mezani, simu nje, msimamizi anazunguka kama askari jela! Basi gani lina msimamizi? Kazi sikupata, sawa, lakini hata nauli hawakunirudishia.

Na kama mnatafuta wa kutilia alama, piteni kwenye vibanda vya steshenari jirani na vyuo vya kuhudhuria kila siku. Utafiti unauzwa umeshachapwa, unabadilishiwa jalada na jina la mkoa tu. Hao vyeti vyao haviinuliwi kwenye taa.

Pendekezo langu: kila mjumbe wa jopo la usaili apande daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, asimame, mkono mmoja bombani, mwingine umeshika kitabu cha sheria ya mikataba. Akishuka kituo cha Rangi Tatu aulizwe maswali matano. Akipata matatu, ruksa kugusa cheti changu.

Mhitimu (bila alama),
Mbagala, Dar es Salaam